Aliyeikana Sura ya Tisa

Eno Birago alikuwa fundi wa kushona, na kwa miaka ishirini na miwili cherehani yangu ilikaa kushoto kwa cherehani yake, mjini kwetu Asukwaa, katika chumba kinachotazama barabara ya Mampong. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadai nimesikia kwa watu. Sikusikia kwa watu. Nilikuwapo, na Mwalimu Yiadom nilimchukia kwa macho yangu mwenyewe.

Mjini Eno alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, nguo zake za msiba: ukivaa nyeusi aliyoishona yeye, hata marehemu usiyempenda utamlilia vizuri. La pili, vitabu. Sisemi vya dini, maana hivyo kila mtu anavyo. Alisoma riwaya, na zaidi riwaya za zamani, za wafalme na vita na misafara. Alizinunua soko la Kejetia, kwa mzee mmoja aliyezitandaza chini juu ya gunia, nyingine hazina jalada, nyingine hazina mwisho. Akipata isiyo na mwisho hununa siku tatu, kisha huandika mwisho wake mwenyewe.

Aliandika kwenye madaftari ya shule. Hakuwa akieleza kitabu kimesema nini. Alikuwa akikijibu, kama mtu aliyechokozwa. Mimi hushona, yeye hunisomea majibu yake huku miwani imemshukia puani.

"Serwaa, sikiliza. 'Huyu amemvisha malkia wake gauni la zipu, na zipu haijazaliwa bado. Vita alivyovikosea nimemsamehe. Zipu simsamehe.'"

"Msamehe, Eno. Pengine hana mke."

"Sikiliza hili la pili. 'Mume amekufa ukurasa wa tisini. Mke analia mistari mitatu, wa nne yuko sokoni anachagua nyanya. Mwandishi huyu hajawahi kuzika hata paka.'"

Alikuwa na madaftari kumi na manne. Hakuna aliyewahi kumwomba ayasome, isipokuwa mmoja, na ndiye huyo nitakayemweleza.

Mwalimu Yiadom alifundisha historia miaka thelathini, akastaafu, akawa mtu wa kuzunguka na mkoba akiuliza wazee maswali. Nana, chifu wetu, alikuwa amekwisha kumwahidi kazi ya kuandika historia ya kiti cha uchifu wa mji. Siku moja alileta suruali ipunguzwe kiuno, akaona madaftari mezani, akafungua moja. Akasoma akiwa amesimama. Akaketi. Suruali ikasahaulika.

"Eno, nani amekufundisha kusoma hivi?"

"Nimejifundisha kukasirika tu, Mwalimu."

"Niazime. Yote. Chuo kikuu kizima hakina msomaji kama wewe."

Ningekuwa na akili ningemwambia Eno kwamba mtu anayemsifu hivyo anamvika kilemba cha ukoka. Lakini nilimwona uso. Mama wa miaka sitini amekuwa mwekundu masikioni kama msichana aliyeitwa kucheza. Akampa madaftari yote kumi na manne, tena akayafunga kwa utepe mzuri wa satini. Yalirudi baada ya miezi minne. Utepe haukurudi.

Sasa, katika daftari la tisa kulikuwa na kurasa kumi na moja ambazo hazikupaswa kuandikwa.

Kwetu asili ya mtu haitajwi. Bibi ya fulani alitoka wapi, aliingiaje katika nyumba hii, alizaliwa humo au alinunuliwa: hayo hayasemwi kwa ugomvi wala kwa utani, na ulevi si udhuru. Anayeyasema huitwa mbele ya Nana, akatozwa faini, akarudi kwake kondoo wamepungua. Ndiyo maana tunaishi. Nyumba ngapi hapa zingebaki na watu kama kila mtu angefukuliwa mizizi?

Eno aliijua sheria hii kama anavyojua kipimo cha bega. Lakini alikuwa amesoma riwaya moja ya mateka wanaotembezwa kutoka kaskazini, na humo mwanamke mmoja anakufa njiani, kimya, ukurasa wa mia mbili, ili msomaji apate huruma. Eno alilia, kisha akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akachukua kalamu. Aliandika kwamba bibi yake yeye, mzaa mama, hakufa. Jina lake la kwao lilikuwa Apoka. Alinunuliwa soko la Salaga kwa mizigo miwili ya kola, zile kokwa chungu za kutafuna, akiwa na miaka kama kumi na minne, akatembezwa hadi kwetu. Mkononi alikuwa na utepe wa nguo, na kila jioni alifunga fundo moja ili asisahau kwao ni umbali wa siku ngapi. Mafundo ishirini na matatu. Aliishi, akazaa, akazeeka, akamsimulia mjukuu wake.

Aliandika akidhani kuandika si kusema. Hilo ndilo kosa lake, na sikumlaumu, maana hata mimi nilidhani hivyo.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa pili wa mwaka wa tatu mama mkuu wa ukoo wao akafariki, na kiti chake kikawa cha kungoja mpaka arobaini iishe na msiba wa mwaka ufanywe, ndipo wazee wachague. Eno alikitaka kiti kile. Sitampamba. Alikitaka kwa meno. Anayekikalia ndiye anayeamua ugomvi wa wanawake, ndiye anayetoa jina kiti cha wanaume kikiwa wazi, na akifa hulazwa chumba cha mbele. Eno alikuwa ameosha maiti za nyumba ile miaka thelathini, ameshona sanda zote. Mpinzani alikuwa Dufie, wa tumbo jingine la nyumba hiyo hiyo, muuza leso, mwenye kicheko kirefu na kumbukumbu fupi. Kiti kile hakikaliwi na mzao wa aliyenunuliwa, lakini asili haitajwi, na kila mtu alijua ni cha Eno.

Mwezi wa nane riwaya ya Mwalimu Yiadom ikatoka. Iliitwa *Njia ya Kola*.

Eno aliinunua siku ya kwanza, maskini, kwa furaha. Alinisomea sura nane tukicheka makosa. Ya tisa alianza kuisoma kwa sauti, akafika mstari wa nne, akanyamaza. Aliendelea kwa macho. Niliona kidole chake kinafuata maneno kama mtu anayefuata mshono alioushona mwenyewe. Akanipa kitabu na kunifungulia daftari la tisa pembeni. Yule mtu hakubadilisha hata nukta. Apoka, Salaga, mizigo miwili, mafundo ishirini na matatu. Mwishoni aliongeza lake moja tu: kwamba Apoka aliingizwa katika nyumba ya fundi wa dhahabu karibu na mto, na damu yake "ingali inashona nguo za mji huo."

Wiki haikuisha, Dufie akapita dukani kwetu na kicheko chake.

"Eno, nasikia umeingia kitabuni! Wengine twafa bila kuandikwa hata kwenye ukuta wa choo."

"Umekisoma, Dufie?"

"Mimi sisomi. Nimesomewa." Akapapasa kitambaa mezani. "Wazee nao wamesomewa."

Alipoondoka nilichukua pasi ikiwa na makaa. Eno akaniambia niiweke chini.

Tulikwenda kwa Mwalimu asubuhi ya Jumatano. Alitupokea barazani kwa maji, kwa viti, kwa meno yote nje.

"Mwalimu, umeniibia," Eno alisema.

"Nimeiba nini, Eno? Kuku?"

"Sura ya tisa."

"Aa! Ile ni riwaya. Nimebuni." Akaegemea kiti. "Kwani huyo Apoka unamjua wewe?"

Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa amemkaba Eno. Akijibu ndiyo, amejitaja kwa mdomo wake. Akijibu hapana, hana kesi.

"Kama unaona ni mtu wa kwenu, mlango wa Nana uko wazi," Mwalimu akaendelea, polepole, kama anafundisha darasa la pili. "Kanishtaki. Simama mbele ya wazee useme, 'Huyu aliyenunuliwa Salaga ni bibi yangu.' Kondoo nitawaleta mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, na makofi nitakupigia."

Eno akanywa maji yake yote, akashukuru, akainuka. Njiani mimi ndiye niliyekuwa natukana. Nilimtukana Mwalimu, nikamtukana mkewe ambaye hakuwa na kosa, nikatukana na suruali yake tuliyoipunguza.

"Serwaa."

"Eno."

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia, na nitamchoma kwa pasi."

"Amesema amebuni." Akatembea kidogo. "Ameona haya kulisema lile neno. Umemwona? Kama amemeza mfupa."

Wiki tatu alikisoma kile kitabu. Alikisoma mara nne, na kila alipopata kosa alichoma pini ya kushonea kwenye ukurasa, mpaka kitabu kikawa hakifungiki. Kazi za watu zilichelewa, nikazimaliza mimi. Sikuuliza. Kulikuwa na chuki safi ndani ya chumba kile na sote wawili tulifanya kazi vizuri ndani yake.

Kisha akamtumia Mwalimu salamu, kupitia kwangu. Nimwambie kwamba Eno amefikiri, ameona kweli ni riwaya tu, na siku ya kukikabidhi kitabu kwa Nana angependa kusema maneno mawili kama msomaji. Nilikwenda shingo upande, nikasema. Mwalimu alinikamata mikono yote miwili.

"Nilijua! Mtu aliyesoma hana kinyongo."

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Ua wa Nana ulijaa. Nana chini ya mwavuli wake, wazee kulia, Msemaji wake na fimbo yake ya dhahabu, wapiga ngoma ukutani. Dufie alikaa mbele katika lesi ya rangi ya limau. Mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza, akapigiwa makofi, akasema hotuba ndefu: kwamba yeye si mtunzi wa porojo, kwamba kila alichoandika amekichimba, kwamba historia ni kazi ya watu makini. Nana akatikisa kichwa kwa adabu. Ndipo Eno akaitwa.

Alisalimu kupitia kwa Msemaji kama inavyotakiwa. Kimto chake cha pini kilikuwa kimefungwa mkono wa kushoto, kama yuko kazini. Akafungua kitabu, akachomoa pini ya kwanza.

"Ukurasa wa kumi na mbili. Mwanamke yuko peke yake jikoni, anatwanga fufu ya viazi vikuu, na ndani ya kinu anaigeuza mwenyewe. Mwalimu, huyu mama ana mikono mingapi?"

Watu wakacheka. Hata Nana. Eno akaichoma pini kwenye kimto, akachomoa nyingine.

"Ukurasa wa thelathini. Mwanajeshi anakwenda vitani na kanzu yake ina vifungo sita. Ukurasa wa thelathini na nne vimekuwa tisa. Nauliza tu, vilizaana?"

Kicheko kikapanda. Mwalimu alicheka naye kwanza. Pini ya kumi alikuwa anatabasamu. Pini ya ishirini alikuwa anajifuta shingo. Eno alikuwa na kosa la mazishi siku isiyozikwa mtu, na kosa la kola kuiva mwezi ambao kila mtoto wa shamba anajua haiivi, na kila moja alilisema taratibu, bila ubaya, na kila kicheko kilimvua Mwalimu nguo moja.

"Nimebakiza pini moja," akasema. "Sura ya tisa."

Wazee wakatazama chini. Dufie akajiweka sawa kitini.

"Kuna msichana mateka. Anatembezwa siku ishirini na tatu, na mkononi ana utepe wa nguo, anafunga mafundo. Nauliza kama fundi. Huo utepe aliupata wapi? Mateka anaachiwa kitambaa cha kuchezea? Mwandishi alikwama, akajitungia. Msichana huyu hayupo. Hakuwahi kuwapo. Na kama angekuwapo, asingekuwa na akili ya kuhesabu siku."

Neno akili alilisema akitazama pini, si watu. Mimi peke yangu niliona.

"Si kutunga," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, ni riwaya. Hakuna aibu. Sema umebuni, tukale."

"Nimefundisha historia miaka thelathini!"

"Ndiyo, na umebuni. Uliniambia mwenyewe barazani kwako. Waambie na hawa."

"Sikubuni!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Hata neno moja! Uthibitisho ni wako mwenyewe, mwongo wee, umeandika kwa mkono wako! Apoka ni bibi yako, Birago! Alinunuliwa Salaga kwa mizigo miwili ya..."

Akasikia alichosema. Mdomo ulibaki wazi na neno la mwisho halikutoka. Mpiga ngoma mmoja aliweka fimbo zake chini polepole, kama anaogopa kuamsha kitu.

Msemaji wa Nana akagonga fimbo ya dhahabu ardhini.

"Mwalimu Yiadom. Umesema nini mbele ya Nana?"

Eno akachomoa pini ya mwisho, akaichoma kwenye kimto, akaketi.

Kesi ilikuwa Jumanne na haikuchukua muda, maana mashahidi walikuwa mji mzima na Eno hakuhitaji kufungua kinywa. Kondoo wawili na chupa mbili za pombe kali. Kitabu kisisomwe wala kuuzwa Asukwaa. Kazi ya historia ya kiti akanyang'anywa. Na Msemaji akatangaza kwamba neno lililosemwa uani limekufa pale pale, na atakayelifufua, awe nani, atalipa kama alivyolipa huyu.

Mwalimu alileta kondoo mwenyewe, kwa miguu yake. Mmoja alikataa kutembea mbele ya duka letu kabisa, akapiga magoti barabarani, na Mwalimu akamvuta kamba huku jasho linamtoka. Nilitoka mlangoni nikampigia makofi. Niliyapiga mpaka viganja vikauma. Aliniangalia mara moja tu, na ule mtazamo ninao mpaka leo, nautoa nikiwa na huzuni.

Nilirudi ndani nikimtarajia Eno acheke. Alikuwa amefungua sanduku lake la bati. Mapajani alikuwa na kitu kama kamba ya kaniki iliyooza, chembamba, kimekakamaa, chote mafundo.

"Eno! Kumbe upo?"

"Upo." Akaupitisha vidoleni. "Aliuchana kwenye nguo ya msichana mwenzake aliyekufa njiani siku ya kwanza. Walimwacha kichakani na yeye akauchana. Hilo sikuliandika daftarini, Serwaa. Sijui kwa nini. Mkono ulikataa."

Nikaelewa, nikakaa chini. Angeliandika, Mwalimu angekuwa na jibu. Angejibu swali la utepe kwa utulivu, kama mwandishi, na angeondoka uani na heshima yake. Kila kitu kilisimama juu ya kitu kimoja alichokificha.

"Nimemkana mbele ya watu," Eno akasema. "Nimesema hana akili. Bibi yangu."

"Ulilazimika."

"Sikulazimika. Nilitaka." Akanitazama, macho makavu. "Na ningerudiwa na siku ile ningefanya vile vile. Usiniambie maneno ya kunipoza. Nimefurahi na ninaumwa, vyote viwili, niache navyo."

Nikamwacha navyo.

Msiba wa mwaka ulipokwisha, wazee wakakaa kuchagua, nasi wanawake tukasimama nyuma. Mkubwa wao akataja jina la Birago akauliza kama kuna mwenye neno. Dufie akainuka.

"Mimi sina ubaya na mtu. Lakini kuna jambo ambalo sote..."

"Jambo gani, Dufie?" mzee akauliza.

Dufie akatazama kushoto, akatazama kulia. Msemaji wa Nana alikuwa mgeni siku ile, ameketi na fimbo yake magotini, anamtazama kwa upole sana. Dufie alifunua mdomo, akaufunga, akasema joto ni kali, akaketi.

Eno akakalishwa. Alivaa nyeupe, aliyoishona mwenyewe, haina pambo. Ila mkono wa kulia, mkono wa kusalimia, alikuwa amefunga ule utepe mweusi uliooza, juu kabisa ya kiganja, mahali ambapo huwezi kumpa mtu mkono usiuone. Watu wakapanga mstari. Kila mmoja aliinama, akauona, akasimama nusu pumzi, akahesabu au akajizuia kuhesabu, na akapita kimya. Wote walijua ni nini. Hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kujua.

Dufie alikuwa wa mwisho.

"Hongera, Eno."

"Asante, mdogo wangu. Naona unatazama mkono wangu. Una la kuuliza?"

"Sina, Eno."

"Uliza tu. Ni siku ya furaha."

"Sina la kuuliza."

Eno akatabasamu, na hakumwachia mkono mpaka mimi, niliyesimama nyuma ya kiti chake, nilipomaliza kuyahesabu kwa sauti mafundo yote ishirini na matatu.